Chuma cha Pua

Ukimuuliza Fundi njia ya kwenda mahali asipopajua, alikuwa anakuelekeza tu. Tena kwa utulivu, kwa kunyoosha mkono na kukupa alama: "Utaona duka la dawa, hapo kata kushoto." Duka la dawa halipo, kushoto kuna shimo la mchanga, na wewe umeshapotea. Siku moja alimwelekeza bibi aliyeshuka basi la kutoka kijiji cha Mbingu, anatafuta nyumba ya mkwewe. Bibi wa watu akarudi baada ya saa nzima, kapu kichwani, jasho linamtiririka, akamwuliza, "Baba, hivi wewe huko unapafahamu kweli?" Fundi akamjibu bila kupepesa macho, "Napafahamu. Watakuwa wamehama." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Neno "sijui" halikuwamo kinywani mwake. Nilifanya naye kazi miaka ishirini na sita, yeye akisubu sufuria pale kwake Katindiuka, mimi nikiziuza sokoni Ifakara mjini, na sikuwahi kumsikia akilitamka. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuumiza. Sitaki mtu asome hadi mwisho akidhani nimekaa hapa kumsifia marehemu, maana kwanza hajafa, na pili sina hakika kama namsifia.

Jina lake silitaji. Hata yeye alikuwa halitumii. Padri alimwita Fundi, wajukuu zangu walimwita Babu Fundi, na mimi niliyemzidi maneno lakini si umri nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, hata zile asubuhi ambazo tuligombana kabla jua halijapanda.

Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, hana nyusi. Nyusi zilishaliwa na moto zamani na hazikurudi. Alikuwa na koti moja la suti, la kijivu, alilolivaa siku mbili tu katika wiki: Jumapili kanisani, na siku ya kumimina. Cheche zilishalitoboa kama chekeche. Nikimwambia, "Fundi, utaendaje misa na koti la namna hiyo?" ananijibu, "Huko ninakokwenda wanajua nafanya kazi gani." Kazi yenyewe ilikuwa shimo la mkaa, feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na mchanga wa Kivukoni aliouchekecha mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuchekecha. Anakandamiza sufuria ya mfano kwenye mchanga, anaitoa, anamimina alumini iliyoyeyuka, na baada ya muda una sufuria ya kupikia wali wa msiba mzima.

Wateja aliwafokea. Akina mama wenzangu walikuwa wananituma mimi kwa sababu wanamwogopa. Lakini mtu huyo huyo alikuwa hawezi kuvunja sufuria kuukuu ya mtu bila kuuliza. Mwanamke analeta sufuria yake iliyotoboka ili isubiwe upya, Fundi anashika nyundo, halafu anasimama. "Mama, umeshaiaga?" Wengine walicheka. Lakini nimemwona mmoja, sufuria yake ilikuwa ya mama yake mzazi, aliposikia swali hilo akaichukua, akarudi nayo nyumbani na tundu lake. Fundi hakumlaumu. Alisema hiyo ilikuwa bado.

Sasa niseme habari ya pua, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Msubu sufuria hana budi kujua vyuma. Ukiyeyusha risasi pamoja na alumini, watu watakula sumu mezani kwao na wewe unapokea shukrani. Wengine wana sumaku na tupa. Fundi alikuwa na sumaku, aliing'oa kwenye spika ya redio mbovu, na tupa alikuwa nayo, lakini hukumu ya mwisho aliitoa kwa pua. Alikifikicha kipande kiganjani mpaka mkono utoe jasho, anakiweka pembeni, halafu ananusa kiganja. Si kile kipande, kiganja. Alisema chuma chenyewe hakina neno, kinachosema ni mkono uliokishika. Chuma cha kawaida kinaacha harufu ya damu. Shaba inaacha harufu ya sarafu za zamani. Alumini inaacha harufu ndogo, ya baridi, kama maji ya mtungi. Na kile cheupe, kizito, kisichoshika kutu, ambacho vijana wanakiita stenlesi, hicho hakiachi kitu. Unanusa, unakuta patupu.

"Ndiyo maana kinaitwa chuma cha pua," alikuwa anasema. "Macho yatadanganyika, sumaku itadanganyika. Hiki pua tu ndiyo inakitambua, kwa kutokuta kitu."

Katindiuka nzima tuliamini hivyo. Mimi niliamini nikiwa mtu mzima na watoto wanne.

Alikuwa na binti mmoja. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaota meno, kwa hiyo alikulia pale pembeni ya moto, na mimi nilimnyoa, nikamsuka, nikamfundisha kupika. Aliniita mama mdogo ingawa hatuna undugu wa damu. Mchezo wao wa baba na mtoto ulikuwa mmoja tu: binti anamfunga baba yake macho kwa kanga, anamwekea kitu kiganjani, Fundi anafikicha, ananusa, anataja. Kijiko. Msumari. Kitasa. Kengele ya ng'ombe aliyoiazima kwa Wasukuma wa jirani. Hakukosea hata siku moja. Mara moja yule mtoto akamwekea kipande cha sabuni. Fundi akanusa kwa makini yote, akasema, "Hiki ni chuma cha kuogea. Nenda kaoge." Tulicheka sote watatu. Nikikumbuka kicheko kile moyo unaniuma mpaka leo.

Binti alipokua akaenda chuo cha ufundi Morogoro, akajifunza kukereza vyuma kwa mashine. Baba yake alijigamba kanisani, alijigamba sokoni, alijigamba kwa watu waliokuja kununua vifuniko tu. Kisha binti akarudi likizo. Ilikuwa Jumapili mchana, tunakula, wapo na wateja wawili wa kutoka mjini. Fundi akawa anawaeleza habari ya chuma cha pua kama kawaida yake. Binti akatabasamu, akasema kwa upole kabisa, nashuhudia mimi, kwa upole:

"Baba, niliuliza chuoni. Hiyo pua siyo hii pua." Akajigusa pua. "Ni neno lingine, yamefanana tu. Pua ni jina la chuma kigumu, la tangu zamani. Halina uhusiano na kunusa."

Wale wateja wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Fundi akarudisha tonge kwenye sahani. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwadanganya watu."

"Sijasema hivyo, Baba."

"Umesema. Mbele za watu." Akanawa mikono wakati chakula hakijafika hata nusu. "Nenda na mashine zako. Usirudi hapa mpaka uniletee chuma nisichokijua."

Maneno ya hasira tu, jamani. Nani katika maisha yake hajasema maneno ya hasira? Lakini yule binti alikuwa damu ya baba yake. Alipomaliza chuo alipanda treni ya Zambia, akapata kazi kwenye karakana katika mji mmoja wa migodi huko, na hakurudi. Salamu zao zote zilipitia kwenye simu yangu. "Mwambie Baba ale vizuri." "Mwambie na yeye ale."

Mwaka uliofuata, masika, Fundi aliugua mafua makali, ya kulala wiki mbili. Akapona. Kama mwezi hivi baadaye nilikuwa na perege wa mchuzi niliokuwa nimewasahau kwenye ndoo, jua limewapiga kutwa. Nilikuwa nakwenda kuwatupa, nikapita kwake kumwachia ujumbe, akauona mchuzi, akasema, "Lete." Nikadhani ananitania. Akala wawili. Mimi niliyesimama mlangoni nilikuwa naziba pumzi. Baada ya hapo nikaanza kumwangalia. Akawa anakataa vyuma vya mtaani, anataka pistoni za injini tu, ambazo kila mtu anajua ni alumini. Mtu akimletea kipande cha ajabu, anamwambia, "Kiache, nitakiangalia," na kinakaa kwenye kreti mpaka mwenyewe anakisahau. Pua ilikuwa imekufa. Macho nayo yalishachoka kwa moto, kila cheupe kwake kilikuwa cheupe. Nilijua, na yeye alijua kuwa najua, na hatukusema. Nilidhani ndiyo heshima.

Ndipo yoyo ikaja.

Ililetwa na mama mmoja mchuuzi wa kwenye treni, imefungwa ndani ya soksi. Sisi yoyo tulizozijua ni zile za plastiki za mnadani, zinazokatika kamba siku ile ile. Hii, loo! Ilikuwa ya chuma kitupu, imeng'arishwa unaona meno yako, nzito mkononi kwa namna ya kustaajabisha, ukiizungusha inazunguka bila sauti kama haitasimama. Binti alinipigia simu jioni yake akanieleza. Bosi wake pale karakana ni mzee mpenda yoyo, anazibuni na kuziuza ng'ambo kwa watu wanaoshindana kuzichezesha, na anayezikereza ni yeye binti, kwa mikono yake.

"Mama mdogo, mwambie Baba aseme hiyo ni chuma gani," alisema. "Akipatia, nakuja kupiga magoti, nikiri mbele ya Katindiuka nzima kwamba pua yake ni kiboko. Akishindwa, nakuja pia, maana atakuwa ameletewa chuma asichokijua, na hayo ndiyo masharti yake. Nimemaliza?"

"Umemaliza," nikamwambia, na nilikuwa nalia kwa furaha. Hebu tazama akili ya mtoto yule. Kila mlango ameuacha wazi. Baba yake aseme "najua," anarudi. Aseme "sijui," anarudi. Ilibaki baba kufungua kinywa tu.

Nikampelekea maneno yale yote, sikupunguza hata moja. Fundi aliishika ile yoyo kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema, "Mwambie bado napima."

Na kweli alipima. Nisimsingizie uvivu. Alileta sumaku: ikashika katikati tu, kwenye kile kijipini na gololi zake, kwingine kote haikushika. Akaipima mkononi, akasema ni nyepesi mno kuwa chuma, nzito mno kuwa alumini. Kisha akafanya jambo ambalo lilinifanya nimheshimu upya: aliikandamiza kwenye mchanga wa Kivukoni kama anavyofanya sufuria, akaitoa, akamimina alumini ya pistoni mahali pake, akapata pacha wake. Akaziweka kwenye mizani, huku na huku. Ya binti ikashuka. "Unaona?" aliniambia, na uso ulikuwa umechangamka kama zamani. "Umbo ni moja, uzito siyo mmoja. Humu mna vyuma viwili. Kuna mwingine amejificha."

"Yupi?"

Akakunja uso. "Bado napima."

Nikamwambia, chukua tupa, kwangua kidogo ukingoni, utaona. Akanitazama kama nimemwambia amkwangue mtoto mwenyewe. "Kazi ya mikono yake hii. Nitie tupa?" Nikamwona mara nyingi, akidhani sipo, anaifikicha kiganjani, anaiweka kando, ananusa. Ananusa mkono tena. Anaufuta kwenye koti, ananusa tena.

Binti alikuwa anapiga simu. "Mama mdogo, kasemaje?" Mwanzoni alikuwa anauliza huku anacheka. "Anasema bado anapima." "Haya, apime." Masika yakapita. Mpunga ukavunwa, ukapandwa mwingine. "Kasemaje?" "Bado." Kicheko kikapungua. Mara ya mwisho kabisa kunipigia alikuwa anakohoa, nikamwuliza, akasema ni vumbi la karakana. Kisha akasema, "Mwambie hata akikosea nakuja. Aseme chochote, mama mdogo. Chochote."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta anachekecha mchanga. Nikamwambia. Akasema, "Mtu hasemi chochote. Mtu anasema anachokijua."

"Basi sema hujui!" Nilipiga kelele, majirani wakachungulia. "Sema hujui, Fundi, neno moja tu, mtoto apande treni!"

Aliendelea kuchekecha.

Na hapa najihukumu mimi. Simu ilikuwa yangu. Ningeweza kusema, "Baba yako kashindwa, njoo." Ingekuwa kweli tupu. Ningeweza kumwambia, "Baba yako pua imekufa, anaona aibu." Nilikaa na ile simu mapajani, nikawaza: nikimwaibisha, atanifukuza na mimi, na nani atamwangalia? Nikamtumia ujumbe: bado anapima. Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyapata kutoka nyumbani kwao.

Aliyenipigia baadaye alikuwa mwenzake wa karakana. Alisema kifua kilimzidi, alilazwa, hakukaa hata wiki. Walishamzika. Walikuwa wanatafuta namba ya ndugu, wakaikuta yangu. Na akaongeza, kwa Kiswahili cha kubahatisha, kwamba mgonjwa alikuwa akiuliza kila siku kama kuna ujumbe kutoka kwa baba.

Nilitembea kwa miguu mpaka Katindiuka. Fundi aliniona kwa mbali akasimama, akavua kofia kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia. Alikaa juu ya kreti la vyuma. Akauliza, "Aliulizia jibu?"

"Hapana," nikasema. "Hakuuliza." Yaani siku ile ndiyo nilipata ujasiri wa kudanganya.

Tangu hapo hakuwasha moto. Watu walileta sufuria zao wakazichukua kama zilivyo. Koti lilining'inia msumarini. Mimi nikaanza kuuza sufuria za kiwandani, nyepesi, zinaunguza wali. Nilikuwa nampelekea chakula, anakula bila kuuliza ni nini, na mimi nikawa makini kweli kweli na samaki.

Juzi, wiki ya Pasaka, napita na chakula, nikaona moshi. Nikakimbia, nikidhani nyumba inaungua. Nikamkuta amekaa kando ya shimo la mkaa, amevaa koti, uso umejaa masizi. Moto ulikuwa unakufa. Ile pacha ya alumini ilikuwa pale juu ya tofali. Ya binti sikuiona.

"Fundi," nikasema. "Umefanya nini?"

"Nimepima," akasema.

Kwenye mchanga palikuwa na kibonge kidogo cheupe, alumini iliyomiminwa ikaganda. Na pembeni yake pete mbili, nyembamba, pana kama kifuniko cha chupa ya chai, zimebadilika rangi kwa moto lakini hazikuyeyuka. Ndizo zilizokuwa zimebanwa kwenye kingo za yoyo, zimeng'arishwa pamoja na sehemu nyingine mpaka jicho halioni mahali pa kuungia.

"Uliiaga?" nikamwuliza. Sikujua niseme nini kingine.

"Niliiaga." Akaokota pete moja, ilikuwa imeshapoa, akanipa. "Fikicha."

Nikafikicha. Nilifikicha mpaka kiganja kikalowa, nikaweka ile pete kando. Nilishaishika yoyo ile mara ngapi, na sikuwahi kunusa. Nikanusa mkono. Nikanusa tena.

"Unapata nini?"

"Hakuna, Fundi. Sipati kitu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hata mimi. Miaka yote hii nilikuwa nafikicha hapa ukingoni, nanusa, sipati kitu. Nikasema pua imekufa. Aliniwekea chuma cha pua, mama. Aliniwekea chuma changu mwenyewe."

Nilikaa pale chini kwenye mchanga na kanga yangu safi. Mtoto hakumwekea mtego. Alimwekea kitu ambacho baba yake angekitaja hata kama amefungwa macho, hata kama pua imekufa, kwa maneno yale yale waliyogombania. Na baba alikuwa na jibu mkononi kila siku, akalifuta kwenye koti.

Tulikaa hivyo mpaka ikasimama pikipiki barabarani. Kijana mmoja akashuka, simfahamu, anatoka mashambani, ameshika kifaa cha pampu ya maji kilichovunjika. Alikuwa ameona moshi akafurahi.

"Shikamoo, Fundi. Wamesema umefungua tena. Nimeambiwa nisikichomelee mpaka uniambie ni chuma gani hiki."

"Marahaba," Fundi akasema. Akakipokea. Akakigeuza mkononi, na mimi nikamtazama, nikisubiri akifikiche. Hakukifikicha. Alimrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Sijui, mwanangu," akasema.